Beseni la Alhamisi

Mnadi yule alikuwa na mdomo, na mdomo huo ndio ulikuwa shamba lake, duka lake na pensheni yake. Watu walimbatiza Spika tangu ujana. Alipokuwa akinadi kabati kwenye uwanja wa soko, mwenye kabati aliisikia bei akiwa kitandani kwake mtaa wa tatu, akaruka na kuja mbio kuikataa. Hakuwa na kipaza sauti na hakuwahi kukitaka. Alikuwa akisema kipaza sauti ni mkongojo wa koo lililolemaa.

Basi ugonjwa ulipomtafuta, ukajua pa kumpata. Haukwenda gotini, haukwenda mgongoni ambako wenzake wote wa rika lake waliugua kwa heshima. Ulikwenda shavuni, upande wa kulia, ukapiga kambi kwenye mshipa wa uso. Akifungua kinywa kutaja bei, umeme unapita kutoka sikioni hadi kidevuni, machozi yanamtoka, na wanunuzi wanadhani analilia kabati. Akinawa uso, umeme. Feni ikigeuka upande wake, umeme. Daktari wa kwanza alisema ni jino, akaling'oa. Wa pili alisema ni jino la jirani, akaling'oa nalo. Wa tatu alipochungulia akaona meno ya upande ule yamekwisha, ndipo akatamka kwamba huenda ni mshipa. Elimu ni kitu kikubwa, hasa inapoishiwa meno.

Dawa za kawaida zilimletea usingizi tu. Alisinzia mezani, alisinzia kwa kinyozi, na siku moja alisinzia wima katikati ya mnada, kengele ikiwa hewani na kitanda cha futi sita kikimsubiri mwenyewe. Tangu siku hiyo akaacha kuitwa kazini. Miaka mitatu ikapita hivyo, yeye akikaa barazani kama redio iliyoharibika ambayo watu wa nyumbani wanaona aibu kuitupa.

Ndipo hospitali kuu ikatangaza utafiti.

Mwenye utafiti alikuwa Profesa, mtu mwenye miwani mbili, moja puani na moja juu ya kipaji, na mara nyingi alionekana akiitafuta ya tatu mfukoni. Alikuwa amegundua kwamba dawa moja ya zamani ya kikohozi cha farasi, iliyosahauliwa tangu magari yalipowastaafisha farasi, huenda ikatuliza mishipa ya uso iliyopandwa na wazimu. Aliwakusanya wagonjwa wote wa aina hiyo aliowapata, ishirini na wanne kwa jumla, akawapanga kwenye mabenchi ya chumba namba tisa, akawaeleza kwa upole wa mtu anayesoma masharti ya chama.

"Kumi na wawili kati yenu watapata dawa," alisema. "Kumi na wawili watapata vidonge vya sura ileile na rangi ileile, ila ndani ni unga mtupu. Nani kapata nini, ninyi hamtajua, na mimi sitajua. Jibu limo ndani ya bahasha, na bahasha iko kwa kamati."

Mwanamke mmoja kwenye benchi la mbele alinyoosha kidole kama mtoto wa shule. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na wote walikuja kumwita Mwalimu. Shavu lake bovu lilikuwa la kushoto.

"Samahani, Profesa. Huyo wa unga, akiumwa, afanye nini?"

"Ataendelea na dawa zake za kawaida, na atajaza fomu."

"Fomu inatuliza?"

"Inaisaidia sayansi, mama."

"Ahaa," Mwalimu alisema. "Na hiyo sayansi, yenyewe inaumwa wapi?"

Benchi zima lilicheka kwa upande mmoja wa uso, maana upande wa pili ulikuwa hauchekeki bure. Profesa naye alicheka, kwa pande zote mbili, akaendelea. Utafiti ungechukua miezi sita. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, kila mtu angepewa chupa yenye namba yake, vidonge ishirini na vinane, viwili kwa siku. Kila asubuhi angepiga alama kwenye mstari: sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni maumivu yasiyosemeka. Spika alitia sahihi chini ya maneno "ninaelewa na ninaridhia", kama anavyoridhia mtu aliyekalia shimo kwamba chini kuna kina.

Kosa lilianza siku hiyohiyo, na lilianza kwa nia njema.

Walipotoka na chupa zao za kwanza, walipita uwani, nyuma ya chumba cha kufulia mashuka ya hospitali, ambako hakuna upepo wa kugusa mashavu. Mwalimu akasimama, akaitikisa chupa yake karibu na sikio.

"Miaka arobaini nimefundisha," alisema. "Mwaka wangu wa pili kazini waliniletea vitabu ishirini kwa watoto themanini, na barua juu yake: mgao umekamilika. Barua hiyo ninayo mpaka leo. Unajua nilifanyaje?"

"Ulilia," alisema Mwokaji. Huyu alikuwa mtu mnene wa tanuri la mikate, ambaye joto la kazi lake mwenyewe lilimchoma shavu kila alfajiri.

"Niliwakalisha wanne wanne, kitabu kimoja. Hakuna mtoto wangu aliyekaa bila kitabu ili wakubwa wapate kuona asiye na kitabu anafeli vipi."

Walitazamana. Hawakuhitaji ufafanuzi. Watu wale walikuwa wamegawana mambo mengi maishani mwao: maji ya bomba la zamu, vyumba, viatu vya harusi, na ahadi za wakubwa. Kugawana ndiyo sayansi waliyoisomea.

Mfuaji wa hospitali, mama mwenye mikono iliyokunjamana kwa sabuni, aliwaazima beseni la bluu lililokwisha kukauka. Chupa ishirini na nne zikamiminwa humo. Mwalimu akavuruga kwa mwiko wa mbao. Kisha Spika, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kugawa vitu mbele za watu, akachuchumaa na kunadi kwa kunong'ona, midomo haifunguki: "Viwili kwako. Viwili kwako. Viwili kwa huyu mnene. Nani bado?"

"Mimi ni mnene, niongezee," alisema Mwokaji.

"Unga unao nyumbani, ndugu yangu."

Ikawa desturi. Kila Alhamisi ya chupa, benchi zima lilipita kwa mfuaji, na hakuna aliyechunguza kwa nini wagonjwa wa mshipa wa uso wana mapenzi makubwa na mashuka. Muuguzi wa utafiti aliwahi kuwauliza. Mwokaji akamjibu, "Sista, harufu ya sabuni inatupa matumaini," naye akaliandika kwenye fomu, mahali pa maoni mengineyo.

Na nafuu ikaja. Haikuja kwa kishindo. Mwezi wa pili Spika alinawa uso bila kupiga yowe. Mwezi wa tatu alikula mkate wenye ganda. Mstari wake ulishuka kutoka tisa hadi sita, kutoka sita hadi nne, na asubuhi moja mkewe alimkuta bafuni anainadi ndoo.

"Ndoo hii mama zangu, haijatoboka, haijalia, imeolewa mara moja tu!"

"Mungu wangu," mkewe alisema mlangoni. "Nilikuwa nimekwisha kuuzoea ukimya."

"Mama watoto, umeisikia hiyo?"

"Nimeisikia mimi, ameisikia jirani, na mwenye ndoo yuko njiani."

Habari za mdomo wa Spika zikapita mjini haraka kuliko zilivyopita za ugonjwa wake. Mwezi wa sita ulipoanza, wakili mmoja akaja nyumbani na karatasi. Hoteli ya zamani iliyokuwa karibu na stesheni ilikuwa inafungwa, ghorofa tatu za vitanda, makabati, vioo na viti, na warithi walitaka vitu vyote vinadiwe siku moja, Jumamosi, asubuhi mpaka jioni. Walimtaka yeye. Spika aliisoma karatasi ile mara nne, kisha akaikunja na kuilalia. Kwa mnadi, mnada wa hoteli ndiyo hija. Akiumudu, amerudi duniani. Ukimshinda, arudi barazani na asiinuke tena.

Siku tisa kabla ya mnada huo, Alhamisi, Profesa aliwaita wote chumba namba tisa. Uso wake uling'aa.

"Karani wa kamati, mwenye nakala ya ile bahasha, amehesabu matokeo kwa makundi," alisema, "bila kutaja majina. Kundi la dawa, maumivu yameshuka kutoka tisa hadi nne. Kundi la unga, yameshuka kutoka tisa hadi nne. Sawasawa kabisa! Hii maana yake nini?"

Mwalimu alikuwa amefumba macho, kama mtu anayesikia gari lake mwenyewe likiserereka kilimani.

"Maana yake dawa ya farasi haina nguvu yoyote zaidi ya unga. Lakini unga! Mabwana na mabibi, unga umefanya maajabu. Nimekwisha kuandika makala. Inaeleza kwamba mgonjwa wa kipato cha chini ana imani kubwa mno kwa daktari, hata akipewa unga anapona. Nimealikwa ng'ambo kwenda kulieleza hilo."

"Na dawa?" aliuliza Spika.

"Chupa za leo ni za mwisho. Baada ya wiki mbili tutakuwa na hafla ya kufunga. Mtapata cheti, sabuni na mwavuli. Na wewe mnadi, uliyepona vizuri kuliko wote, utasimama kutoa ushuhuda. Dawa iliyobaki ghalani itachomwa moto, kwa mujibu wa taratibu."

"Iko nyingi?"

"Ya miaka miwili," Profesa alisema kwa fahari. "Tulijiandaa vizuri."

Nyuma ya chumba cha kufulia hakuna aliyemimina chupa yake. Beseni lilikaa katikati yao, tupu, kama maiti ambaye hakuna anayetaka kukiri undugu naye.

"Mimi unga naujua," Mwokaji alianza. "Nimelala nao miaka ishirini na miwili. Unakuingia puani, unakuingia masikioni. Unga haujawahi kumponya mtu kitu ila njaa, tena baada ya kuokwa. Leo anakuja huyu kuniambia nimeponywa na unga! Halafu eti imani. Imani kwa nani? Kwa huyu wa miwani mbili?"

"Kosa ni letu," Mwalimu alisema.

"Letu tena?"

"Letu. Tazameni. Alitaka kupima wenye dawa dhidi ya wasio nayo. Sisi tukahakikisha hakuna asiye nayo. Darasa zima limeandika jibu moja, halafu tunamshangaa msahihishaji akisema hakuna aliyemshinda mwenzake." Alilitazama beseni. "Tulikuwa tunagawana dawa. Kumbe tulikuwa tunaifuta."

Walibishana. Mmoja alitaka waende wote wakamwambie Profesa ukweli. Mwokaji akasema atawaita waongo wanaotaka dawa ya bure, maana amekwisha kuandika makala, na msomi akishaandika, ukweli inabidi ubishe hodi na usubiri nje. Mwingine alitaka waibe funguo za ghala. Mfuaji alisema kutoka dirishani kwamba funguo anazijua zilipo, lakini hataki kesi akiwa na mashuka mia mbili ya kuanika.

Spika alikuwa ameishika chupa yake, namba kumi na saba, na akilini mwake alikuwa anapanda ngazi za hoteli ya stesheni.

"Chupa hizi," alisema hatimaye, "tusizimimine."

Wakamgeukia.

"Kila mtu aondoke na yake. Ale yake, peke yake, siku kumi na nne. Mwenye dawa atapona kuliko tulivyopona. Mwenye unga..." Hakumaliza. "Mwalimu ataandika orodha: huyu dawa, huyu unga, kwa maumivu yetu wenyewe. Tuwape kamati kabla hawajaifungua bahasha yao. Orodha mbili zikilingana, watachoma nini?"

Mwokaji alianza kuhesabu vichwa kwa kidole.

"Maana yake kumi na wawili wetu tunarudi kwenye tisa," Mwokaji alisema polepole.

"Ndiyo."

"Na mnada wako, si Jumamosi ya wiki ijayo?"

"Nina nusu ya bahati," Spika alisema. "Nimewahi kununua jenereta kwa bahati ndogo kuliko hiyo."

"Jenereta lenyewe liliwaka?"

"Halikuwaka."

Mwalimu aliwalisha kiapo, mmoja mmoja, mkono juu ya beseni. Aliwatazama machoni kwa jicho lile la miaka arobaini linalojua nani hakuandika insha. Mwokaji aliapa wa mwisho.

Siku ya kwanza Spika aliamka mzima. Siku ya pili alisikia kitu kama sisimizi sikioni, akajiambia ni sisimizi. Siku ya tatu alimeza maji na umeme ukapita kutoka sikioni hadi kidevuni kama mwenye nyumba aliyekuwa safarini, amerudi na anakagua vyumba. Alipiga alama kwenye tisa. Hakuwa na haja ya kumsubiri mwenye bahasha. Namba kumi na saba ilikuwa unga, na ilikuwa unga tangu mwanzo.

Ijumaa jioni, kesho yake mnada, mkewe alikaa kitandani karibu naye na kopo la majani ya chai mkononi. Alilifungua. Ndani, chini ya majani, mlikuwa na vidonge kumi na kimoja.

"Nimekuwa nikikuibia kimojakimoja tangu mwezi wa tatu," alisema. "Vya beseni. Nilijua itafika siku. Wakubwa wakikupa kitu kwa mkono mmoja, mke mwenye akili hukaa karibu na mkono wa pili. Meza vyote leo, kesho uende kwenye hoteli yako."

Spika alivitazama. Hakuna mtu aliyewahi kuvitazama vidonge vya kikohozi cha farasi kwa mapenzi kama yale. Alichukua kalamu, maana kusema kulimgharimu, akaandika pembeni ya gazeti: *Nikimeza, orodha ina mwongo.*

"Mmoja kati ya ishirini na wanne!"

*Watamtafuta huyohuyo. Watasema wote ni waongo.*

Mkewe alikasirika kikwelikweli. Alimwita mjinga, akamwita mtoto wa mama yake, akamwuliza kama Profesa angeacha hata kikombe cha chai kwa ajili yake. Spika aliitikia kila tusi kwa kichwa, taratibu, asilitikise shavu. Mwishowe mkewe alifunga kopo kwa kishindo.

"Na hoteli ataiuza nani?"

Spika alimnyooshea kidole.

"Mimi?"

Kidole hakikushuka.

"Wewe baba una wazimu," mkewe alisema, kisha akajitazama kwenye kioo cha kabati. "Hata hivyo, miaka thelathini nakusikiliza. Hata kuku wa nyumba hii wanajua kunadi."

Warithi wa hoteli walilalamika walipomwona mnadi amejifunga kitambaa shavuni na mkewe amepanda juu ya meza. Wakili alitishia mkataba. Mwanamke akamgeukia.

"Shemeji, wewe ulikodi mdomo wa nyumba hii. Mdomo ndio huu. Ukitaka kujua ni wa nani, tutakutafutia cheti cha ndoa. Haya! Kabati hili hapa, limekaa chumba namba sita miaka arobaini, limeona mengi na halijawahi kusema! Mnataka fanicha yenye siri au mnataka ile ya siku hizi inayolia ukiigusa?"

Spika alisimama chini, akimwonyesha kwa vidole: panda, subiri, yule wa kofia anataka, usimwachie. Kufikia saa nane vitanda vilikuwa vimekwisha. Kufikia saa kumi, watu walikuwa wakinunua hata vitasa. Kila aliposikia kelele za wanunuzi, moyo wake ulifurahi na kuumia kwa pamoja, kwa sababu mnada ulikuwa mzuri na haukuwa wake. Jioni yake watu walimpongeza mkewe. Mmoja aliuliza kama anapatikana mwezi ujao.

Hafla ilifanyika ukumbini, kukiwa na viti vya plastiki na bango. Miavuli ilipangwa mezani kama bunduki za gwaride. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwanasheria mstaafu aliyesikiliza hotuba kwa jicho moja na kulala kwa la pili, alikaa katikati, bahasha yenye lakiri mbele yake. Profesa alieleza unga kwa dakika arobaini.

"Na sasa," alisema, "tumsikie mtu aliyekuwa bubu, unga ukamfungua kinywa. Karibu mnadi!"

Spika alipanda jukwaani. Mbele yake palikuwa na kipaza sauti, mkongojo ule alioudharau maisha yake yote. Akafungua kinywa. Umeme ulipita hivi kwamba alishika meza, na kipaza sauti kikachukua mguno wake na kuutandaza ukumbi mzima, mpaka watu wa nyuma wakaacha kutafuna. Machozi yalimtoka.

"Ana hisia kali," Profesa alieleza.

"Ana unga," alisema Mwalimu, amesimama, kidole juu. "Naomba kusema, mwenyekiti, kabla hujafungua bahasha yako."

Akasimulia yote: beseni, mwiko, Alhamisi kwa Alhamisi, na siku kumi na nne za mwisho. Hakulia wala hakuomba radhi. Profesa aliivua miwani ya puani, akaivaa ya kipajini, na rangi ikampotea.

"Huu ni uharibifu wa utafiti!"

"Ndiyo," Mwalimu alikubali. "Tumeuharibu. Na hapa nimekuja na mabaki yake." Akaweka orodha mezani. "Limo jibu langu, linasema dawa. La mnadi linasema unga. Fungua, mama, tusahihishe."

Mwenyekiti sasa alikuwa na macho yote mawili. Alivunja lakiri.

"Namba moja," alisoma. "Dawa."

"Dawa," alisema Mwalimu.

"Namba mbili. Unga."

"Unga."

Waliendelea hivyo, kama shule inayokariri, na kila namba ilipolingana mtu mmoja alisimama kitini, mzima au mwenye kitambaa. Kumi na saba, unga. Spika alikuwa bado ameshika meza. Ishirini, mwenyekiti akasema unga, na Mwalimu akasema dawa.

"Ahaa!" Profesa aliruka. "Mnaona? Mnaona!"

Macho yote yalimwendea Mwokaji, namba ishirini, mwenye shavu lisilo na kitambaa. Alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Nilikuwa na akiba," alisema. "Ndani ya kopo la hamira. Ile ya beseni. Siku ya nne nilishindwa, jamani. Tanuri lina joto. Nilimwambia Mwalimu siumwi, maana nilikuwa siumwi kweli."

Mkewe Spika, aliyekaa safu ya nyuma, aliangua kicheko cha ghafla, kisha akafunika mdomo. Mwalimu akachukua kalamu, akafuta, akaandika unga.

"Ishirini na tatu kati ya ishirini na wanne," mwenyekiti alisema walipomaliza. "Na huyo mmoja ametueleza kwa kinywa chake alichokula na kilichomponya. Profesa, bado unaupenda unga?"

Profesa alisema mengi: itifaki, uchafuzi wa data, ng'ambo. Mwenyekiti alimwacha aishe. Kisha akaamuru kwamba hakuna kitu kitakachochomwa, kwamba utafiti utarudiwa kwa watu wapya, na kwamba hawa ishirini na wanne watapewa dawa kutoka ghalani, wote, chini ya uangalizi, mpaka jibu lipatikane. Wengine wanasema alikuwa mwadilifu. Mimi ninadhani mwanasheria yeyote akiona ushahidi umeketi mbele yake unatokwa na machozi, hutafuta upande wa salama.

Makala ya Profesa ilitoka mwaka uliofuata. Haikusema unga. Ilisifu mbinu mpya ya kuthibitisha nguvu ya dawa kwa kuwaondolea wagonjwa ghafla, mbinu ambayo, kwa unyenyekevu, aliipa jina lake. Mwisho kabisa, kwa herufi za ukubwa wa chawa, aliwashukuru washiriki kwa uvumilivu.

Lakini kabla ya hapo, kulikuwa na fomu mpya ya ridhaa. Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa pili tangu wote waanze kula dawa kamili. Muuguzi aliwagawia chumba namba tisa, akawaomba wasome kabla ya kutia sahihi. Spika alipitisha kidole mstari kwa mstari, akafika mwisho wa ukurasa, akasita. Akasimama juu ya benchi. Mstari wake wa asubuhi ulikuwa moja.

"Kifungu cha kumi na tisa!" alinadi, na vioo vya dirisha vikaitikia. "Kipya, hakijatumika, kimetungwa na wasomi watano! Mshiriki haruhusiwi kuingia kwenye maeneo ya hospitali akiwa na beseni, au chombo chochote chenye umbo la beseni! Nani atakichukua? Mara ya kwanza! Mara ya pili!"

Ng'ambo ya uwanja, mlango wa chumba cha kufulia ulifunguka. Mfuaji alitoka mbio, mikono imejaa povu, akiuliza nani anamwita.